Chupa za Shangazi Leticia

Ukisikia mtu anapanga matembezi ya wikiendi, unasema huyo ana raha zake. Basi mwenzenu Eveline alikuwa akipanga matembezi ya wikiendi huku chakula hakimpandi, na kila simu ikiita anashtuka hadi wateja wake pale duka la pembejeo sokoni Ifakara wanamuuliza, dada, una mgonjwa nyumbani?

Kwa kuutazama mpango, huwezi kuutia dosari. Jumamosi asubuhi watoke Ifakara na Noah ya kukodi, wavuke daraja la Kilombero, wanywe chai Lupiro, kisha wapande milima mpaka Mahenge. Mchana watembee mji: boma la Wajerumani, makaburi ya zamani, kanisa la misheni. Walale gesti. Jumapili wasali, wale, warudi. Wasafiri wenyewe ni wanne tu: Eveline, mchumba wake Fidelis, baba yake mwalimu Beatus, na Mahmoud mwenye gari. Yote hayo aliyaandika kwenye kundi la wasap, na baba yake, ambaye alifundisha historia shule ya msingi mpaka akastaafu, akajibu kwa ujumbe wa sauti mrefu kuliko hotuba ya mbunge. Alifurahi, mzee wa watu. Tangu lini mtoto wa siku hizi akakubali kwenda kutazama boma?

Jambo moja tu Eveline hakuliandika. Jumapili, kati ya misa na chakula, palikuwa na kituo kingine. Kituo hicho ni kiwanda cha pombe cha shangazi yake Leticia, na mwalimu Beatus alikwisha kuapa kwamba mguu wake hautakanyaga kwa Leticia mpaka siku anazikwa.

Sasa hapo lazima niwaeleze, maana msipojua hili mtaona watu hawa wana wazimu. Leticia ni dada mkubwa wa Beatus. Wazazi wao walipokufa, yeye ndiye aliyewalea Beatus na kitinda mimba wao, Donati. Na mama yake Eveline alipofariki, ni huyo huyo Leticia aliyemchukua mtoto akiwa bado ananyonya, akamlea Mahenge mpaka akawa msichana mkubwa. Ada za shule zilitoka kwenye ugimbi, ile pombe yetu ya ulezi na mahindi. Na ugimbi wa Leticia haukuwa wa mchezo, watu walikuwa wakitoka Lupiro na baiskeli kupandisha ile milima kwa ajili yake.

Kisha Donati akafa. Tusifichane, Donati alikuwa mlevi. Gongo ya nani hakuionja? Lakini siku ya mwisho alipitia kwa dada yake, akanywa ugimbi kibuyu kimoja, jioni akatapika damu, na hospitali hakutoka. Daktari akasema ini lilikuwa limekwisha siku nyingi. Nani msibani anasikiliza habari za ini? Mmoja akanong'ona, wa pili akatia chumvi, na kufika maziko neno likawa limeiva: Leticia kamtilia mdogo wake kitu, anataka shamba la urithi.

Na kwa watu wa kule pombe haipokewi hivi hivi. Mwenye pombe anaonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa. Anaondoa sumu, ndivyo wanavyosema, hata kama sumu haijawahi kupita karibu na nyumba hiyo. Basi siku ya kumaliza matanga Leticia akajaza kibuyu, akaonja mbele ya ukoo na kijiji kizima, akampa Beatus kwa mikono miwili. Beatus akakipokea. Akakiinamisha polepole, akaimwaga pombe yote chini, kisha akamrudishia dada yake kibuyu kitupu. Hakusema neno. Angetukana ingekuwa afadhali, maana tusi mtu unalijibu.

Tangu siku hiyo Mahenge hapakuwa na mtu wa kunywa kwa Leticia. Mwanamke akafanya nini? Akaenda mafunzo ya wajasiriamali, akapata leseni, akanunua mashine ya mkono ya kufunga vifuniko, akaanza kutia ugimbi wake kwenye chupa na kuupeleka kwenye mabaa ya mbali, kwa watu wasiomjua. Mwanzoni chupa zilikuwa zinalipuka chumbani. Akajifunza kuichemsha pombe kabla ya kuifunga, zikatulia. Biashara ikasimama. Lakini jirani yake wa ukuta kwa ukuta hakuwahi kununua hata moja.

Eveline angeweza kuishi na hayo, kama alivyoishi nayo miaka yote hiyo, leo kwa baba, kesho kwa shangazi, kwa huyu hamtaji yule. Ila sasa alikuwa anaolewa. Baba yake alisema waziwazi: "Mwalike unayemtaka. Akija yeye, mimi sipo." Na shangazi, anayepaswa kumtoa bibi harusi ndani na kumshika mkono, naye akasema kwenye simu kwa sauti ya upole iliyomuumiza Eveline zaidi ya ukali: "Mwanangu, siwezi kuja kukaa ukumbini mahali ambapo mkono wangu ni sumu. Nitakuombea nikiwa huku."

Hapo Eveline alilia, akanawa uso, ndipo akaanza kupanga matembezi.

"Baba yako anajua?" shangazi aliuliza alipompigia kumweleza.

"Atajua."

"Eveline!"

"Atajua, shangazi. Wewe andaa tu."

Leticia akavuta pumzi. "Haya. Nitampa kwenye kibuyu. Nitaonja kama siku zote, halafu Mungu ataamua."

"Hapana! Kibuyu hapana, shangazi. Akikiona tu yatamrudia yote. Mpe chupa. Chupa imefungwa, ina kifuniko, ina lebo. Nani atasema umetia kitu?"

"Mimi watu wangu siwapi chupa," Leticia akasema. "Chupa ni za baa."

"Nisikilize mimi mara hii moja tu. Nakuomba."

"Haya. Mtoto wa mjini kasema."

Na ndipo mtoto wa mjini alipokosea, kosa kubwa, na hakujua. Alikata simu anajipongeza kwa akili zake.

Fidelis yeye hakupongeza. Ni kijana mtulivu, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, na hapendi kelele nje ya kazi. "Eva, hili ni bomu," alimwambia. "Mwambie mzee kabla hajapanda gari."

"Nikimwambia hapandi."

"Na ukimwambia kule?"

"Kule hana gari la kurudia."

Fidelis akamtazama, akatikisa kichwa. "Sasa ndiyo nimejua ninaoa nani," akasema, na hakuwa akitania sana.

Jumamosi mwalimu Beatus akaja na koti lake la suti, kofia, na viatu vimepigwa rangi mpaka unajiona. Njia nzima ni yeye tu. Mara hapa palikuwa na kivuko, mara pale mto ulipofurika watu walihama, mara Mahmoud, kijana, unajua Vita vya Maji Maji vilifika huku? Mahmoud, ambaye babu zake walikuja Ifakara kuuza nguo na wakasahau kurudi pwani, alikuwa anaitikia "naam, mwalimu" kwenye kila nukta. Lupiro walikula sato wa kukaanga. Eveline alimega kipande, akakizungusha sahanini mpaka kikapoa.

Kwenye boma mzee akawa kijana. Aliwazungusha ukuta mzima, akawaonyesha unene wa mawe, akawaambia baba wa babu yake alibebeshwa mawe hayo kichwani na kiboko kikimfuata nyuma. Kisha akaweka kiganja chake ukutani, akawageukia kama alivyokuwa akigeukia darasa.

"Historia," akasema, "ni kutafuta lililotokea. Siyo lile watu wanalolisema. Watu wanasema mengi."

Neno likamjaa Eveline mdomoni. Baba, na la baba mdogo Donati je? Uliwahi kulitafuta lililotokea? Fidelis akamwona, akamgusa kiwiko: sema sasa. Mahali pazuri, mzee ana furaha, hakuna watu. Eveline akafungua mdomo, akasema, "Baba, simama hapo nikupige picha."

Woga ni kitu kibaya sana.

Jumapili wakasali misa ya kwanza. Baada ya misa wakapanda gari, mzee mbele, wao nyuma, na Eveline akawa anajiambia nitasema tukifika kwenye kona ile, na kona ikapita, nitasema tukifika kwenye mti ule, na mti ukapita. Ndipo Mahmoud, maskini, ambaye hakuna aliyemwambia afiche, akauliza kwa sauti yake kubwa ya kistaarabu:

"Dada Eveline, kule kiwandani kwa shangazi tunakata kushoto, siyo?"

"Kiwandani kwa nani?" mwalimu Beatus akauliza.

Mahmoud akamtazama Eveline kwenye kioo.

"Simamisha gari."

Mahmoud akasimamisha. Mzee akashuka, akafunga mlango bila kuubamiza, na hilo ndilo lililomtisha Eveline. Akaruka chini akamfuata. Baba yake alikuwa amekwisha kuanza kutembea kurudi walikotoka, akichechemea kwa mguu unaomsumbua siku nyingi, na koti lake la suti, kwenye vumbi.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Ifakara."

"Baba, Ifakara kwa miguu?"

"Nilifundisha watoto wa watu kutosema uongo," alisema bila kugeuka. "Nikasahau wa kwangu. Boma! Kumbe boma ni chambo, na mimi ndiye samaki. Umenichezea, Eveline. Umemchezea baba yako."

"Nimekuchezea. Ni kweli." Alimpita, akasimama mbele yake njiani. Hasira ilikuwa imempanda, hasira na baba yake, na shangazi, na Donati aliyekufa akawaachia haya. "Lakini na wewe niambie. Siku yangu ikifika, nani ananitoa ndani? Mama yangu sikumjua. Harufu ya mama mimi ni harufu ya kimea cha Shangazi Leticia. Homa zangu zote alizikesha yeye, wewe ukiwa unafundisha huko Masagati, na sikulaumu, ulikuwa kazini. Unataka niolewe kama mtoto niliyeokotwa?"

Mzee akatazama pembeni.

"Sikuambii umpende. Ingia, umsalimie tu. Baba, nakuomba, niko tayari kupiga magoti hapa hapa barabarani na gauni hili."

"Usipige magoti," alisema haraka. Alivua kofia, akaifuta kwa mkono wa koti, akaivaa tena. "Nitaingia. Nitasalimia. Kunywa sinywi. Na tukitoka hapo usinisemeshe mpaka tufike kwetu."

Kiwanda cha Leticia ni banda la bati mbele ya nyumba yake, kando ya njia inayotoka kanisani. Mapipa ya kuchachushia upande mmoja, meko upande mwingine, kimea cha ulezi kimeanikwa juani kwenye mkeka, na ndani ile mashine ya kufungia vifuniko, imefutwa mpaka inang'aa. Kreti zilikuwa zimepangwa ukutani zikisubiri gari la Jumatatu. Leticia alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kipya, mwanamke mwembamba wa mifupa mirefu, kilemba kimefungwa vizuri. Usingejua kama amelala au hakulala.

"Shikamoo, shangazi," Eveline akasema, na Fidelis naye, na Mahmoud.

"Marahaba, wanangu, marahaba."

Wote wakamgojea mwalimu Beatus. Mdogo ndiye anayetoa shikamoo, awe na mvi au asiwe nazo.

"Habari za hapa," akasema.

Leticia akapepesa macho mara moja. "Nzuri, mwalimu," akajibu. Mtu na ndugu yake wa tumbo moja!

Akawatembeza. Huku tunaloweka ulezi uote, huku tunauanika, huku tunasaga, tunapika uji wake, tunauacha siku zake uchachuke, tunachuja. Fidelis, Mungu ambariki, aliuliza maswali mengi kuliko mkaguzi wa serikali ili mradi pasiwe kimya. Mashine hii umeipata wapi, mama? Inafunga ngapi kwa saa? Mwalimu Beatus alikuwa nyuma, mikono mgongoni, macho juu ya bati.

Kisha wakakaa mezani. Mahmoud akapewa maji. Leticia akaleta chupa tatu kutoka kwenye kreti, zimefungwa, lebo zimenyooka, akaweka moja mbele ya kila mtu. Akamwekea mdogo wake opena pembeni. Mkono wake ulikuwa umetulia. Eveline akawaza, ni sasa, Mungu wangu, ni sasa.

Mwalimu Beatus aliitazama chupa bila kuigusa.

"Hii nani ameionja?" akauliza.

Eveline akadakia. "Baba, imefungwa hiyo, haiwezi..."

"Nimeuliza nani ameionja. Nyumbani kwetu tangu lini mtu akapewa pombe iliyozibwa mdomo? Hata siku ile alionja. Leo haonji?"

Hapo Eveline akaliona kosa lake lote, zima, bila pa kujificha. Kibuyu alichokikataa ndicho kilichokuwa kinga ya shangazi yake. Alimnyang'anya kitu pekee ambacho mwenye pombe anaweza kukisema mbele ya mgeni wake, akamwacha na kifuniko cha kiwandani.

"Ni mimi, baba! Mimi ndiye niliyemwambia chupa. Shangazi alitaka kibuyu, mimi nikakataa."

Leticia akainua kiganja: nyamaza. Akachukua opena. Akafungua chupa ya Beatus, akanywa funda kubwa, akaiweka mbele yake.

Beatus hakuigusa. "Hiyo umeichagua mwenyewe," akasema.

Hilo lilikuwa neno baya, na nadhani hata yeye alilisikia ubaya wake likiwa tayari limetoka.

"Basi chagua wewe," Leticia akasema.

Hakuchagua. Leticia akaenda ukutani, akabeba kreti nzima kwa mikono yake, akaitua mezani chupa zikagongana. Akafungua ya kwanza, akanywa funda. Akafungua ya pili, akanywa. Ya tatu. Povu lilikuwa linamwagika mezani, linatiririka mapajani mwa kitenge kipya. Vifuniko vikawa vinaanguka sakafuni, na kila kimoja kilimkata Eveline moyo, maana hizo ndizo chupa za gari la Jumatatu, ndizo chakula cha shangazi.

"Shangazi, acha," alilia. "Shangazi, nakuomba."

"Niache nionje," Leticia akasema. "Miaka yote nimetaka mtu aniulize umetia nini. Hakuna aliyeniuliza. Leo nimeulizwa, niache nijibu." Akafungua nyingine. Alikuwa mzee, hakuwa amekula kitu, na macho yalikwisha kuanza kulegea. "Donati nilimbeba mgongoni mpaka nikaota sugu hapa. Nilimtafunia chakula, Beatus. Na wewe nilikutafunia. Ningetaka kuwaua si ningewaua mkiwa hamna meno?"

Akavuta kreti ya pili. Mahmoud akasimama.

"Mwalimu, nisamehe," akasema. "Mimi hiki kinywaji dini yangu hairuhusu, hata kukaa hapa nimekaa kwa heshima yenu. Lakini hili unalomfanyia mama huyu halifai. Halifai kabisa."

Akatoka nje akasimama karibu na gari lake.

Mwalimu Beatus alikuwa ameushika ukingo wa meza. Leticia akaweka opena kwenye kifuniko kingine, ikateleza, akaweka tena, ikateleza.

"Basi," mzee akasema.

"Basi nini?"

"Basi, dada. Basi."

Akamtoa opena mkononi, taratibu. Akachukua chupa kwenye kreti ile ya pili, iliyofungwa, akaifungua mwenyewe.

"Hiyo sijaionja," Leticia akasema.

"Najua."

Akanywa. Kidogo kwanza, kisha mafunda mazima, na machozi yanamshuka mzee wa watu mpaka kwenye kola ya shati. "Nilikuwa na mdogo mmoja tu," akasema alipoishusha chupa. "Akafa, nikakosa wa kumlaumu. Wakaniletea wewe, nikapokea."

Eveline alijitupa shingoni kwa baba yake, akawa anacheka na kulia kwa pamoja. Alidhani yamekwisha. Fidelis naye akashusha pumzi, akaanza kuokota vifuniko.

Lakini Leticia hakuwa amesogea.

"Umekunywa," akasema. "Nashukuru. Umekunywa mbele ya watoto hawa wawili, ndani ya banda, mlango umerudishwa. Ile nyingine uliimwaga mbele ya nani?"

Beatus akatazama mlango.

"Nauliza tu, Beatus. Ulimwaga mbele ya nani?"

Eveline alitaka kusema shangazi, usiharibu, yatosha, amekunywa, nimepata nilichokitaka. Nusura aseme. Kisha akamtazama shangazi yake, kitenge kimelowa, kilemba kimelegea, akaona kwamba yeye Eveline kapata na shangazi bado hajapata. Akafunga mdomo wake, na ilikuwa kazi kuufunga.

Kengele ya kanisa ikalia. Misa ya pili ilikuwa imekwisha. Sauti za watu zikaanza kusikika njiani, akina mama, watoto, pikipiki zikiwashwa. Mwalimu Beatus alisikiliza. Ni mtu mwenye kiburi, na wote waliokuwa pale walikiona kiburi hicho kinavyopigana ndani yake. Alifunga vifungo vya koti. Akachukua chupa nyingine iliyofungwa, akachukua na opena, akafungua mlango wa banda, akatoka.

Eveline akataka kumfuata. Leticia akamdaka mkono, kucha zikamwingia.

"Mwache."

Mzee alichechemea mpaka katikati ya njia, pale ambapo watu wote wanaotoka kanisani lazima wapite. Wa kwanza kumfikia alikuwa mzee Sebastiani, jirani yao wa tangu utoto, ambaye siku ya matanga walikuwa wamekaa mkeka mmoja, na ambaye ulimi wake nao ulifanya kazi yake siku zile.

"Mwalimu Beatus! Umekuja lini?"

"Jana."

"Na hapo unatoka kwa..." Sebastiani akaangalia banda, akaangalia chupa, hakumaliza.

"Natoka kwa dada yangu," mwalimu Beatus akasema, na akalisema kwa ile sauti ya darasani inayofika mpaka dawati la nyuma. Akina mama wawili wakasimama. Nyuma yao wengine wakasimama. Akafungua chupa, kifuniko kikaruka vumbini. "Hii ni pombe ya Leticia. Hajaionja."

Akanywa mbele yao. Mtoto mmoja aliuliza mama, yule babu anafanya nini, akanyamazishwa. Alipofika nusu akaishusha, akafuta mdomo, akamnyooshea Sebastiani.

Sebastiani akaitazama. Akageuka kushoto, akageuka kulia, na kila alipogeuka alikutana na macho ya watu.

"Hajaionja?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hajaionja. Mimi nimeionja. Unakunywa, au nimwambie dada yangu kwamba bado unaogopa?"

Pale mlangoni Leticia alikuwa bado amemshika Eveline mkono. Fidelis alikuwa amesimama nyuma yao na vifuniko mkononi.

Mzee Sebastiani akavua kofia yake. Akaipokea chupa kwa mikono miwili, akafumba macho, akanywa. Akanywa tena. Kisha akampa mama aliyekuwa karibu naye, na yule mama akacheka kwa aibu, akapokea.

Leticia akamwachia Eveline mkono. Alama za kucha zilikuwa zimebaki. Akafunga kilemba chake upya, akawahesabu watu kwa macho.

"Eveline," akasema, "viti havitatosha. Kimbia kwa jirani ukaazime."

Na Eveline akakimbia, na viatu vyake vya kanisani, huku machozi yanamziba njia.